Kiwanja Kisicho na Upana

Mimi ndiye niliyempa mzee mmoja kiwanja ndani ya Ziwa Victoria. Sijawahi kukana, na wala sijajisifu, ingawa kipimo kimoja kati ya viwili nilikipata sawasawa kabisa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vikinong'onwa sasa viliuzwa mchana kweupe, na watu waliozoea kuajiriwa waliamka asubuhi wakajikuta wana ofisi zao. Bosi wangu alikuwa mmoja wao. Aliacha kazi serikalini, akafungua ofisi binafsi ya upimaji ardhi pale Mirongo, chumba kimoja na nusu juu ya duka la vitambaa. Hiyo nusu ilikuwa yangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka Dar na cheti cha kompyuta, na nilikuwa sisikii la mtu.

Tulikuwa na kompyuta mbili. Mpya ilikaa Mirongo, imefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi mke wa bosi, maua mekundu pembeni, na kabla ya kukifunua ilibidi unawe mikono. Ya zamani ilikaa kwenye kontena huko Kiseke, mahali pa kazi. Ilikuwa zawadi kutoka kwa mradi fulani uliofungwa, ina skrini ya kijani, na kila ikiwashwa ilikohoa mara tatu kabla haijaamua kama siku hiyo inafanya kazi. Hiyo hakuna aliyeifunika.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima viwanja vipya vya upande huo. Kila kona ya kila kiwanja ilipewa namba mbili, umbali wa kwenda mashariki na umbali wa kwenda kaskazini, kwa sentimita, kuanzia jiwe moja kubwa la ufukweni ambalo bosi alilitoboa, akalichomekea nondo na kulipaka rangi nyekundu. Ukiwa na namba hizo mbili na tepu ya chuma, utaikuta kona yako hata kama mbuzi wamekula kigingi. Zamani bosi alikokotoa namba hizo kwa mkono kwenye daftari, na ilimchukua jioni nzima kumaliza viwanja vinne. Mimi nikamwambia nitaandika programu kwa lugha ya C, na viwanja arobaini vitatoka kabla chai haijapoa. Siku hiyo hiyo akatangaza kwa wateja wote kwamba ofisi yake sasa haikosei.

Mteja wa kwanza kwenye orodha alikuwa mpishi wa meli aliyestaafu. Alikuwa amewapikia watu wali juu ya maji tangu ndevu zake hazijaota, na ombi lake lilikuwa moja tu.

"Nataka mahali ambapo nikiweka sufuria, inakaa," alimwambia bosi.

Mkewe alikuwa akija naye Kiseke kila siku, na mzee alipokwenda kuzungumza na bosi, mama alibaki kivulini pembeni ya kontena akibangua karanga. Siku za mwanzo nilidhani anatulinda tusiibe kiwanja chake. Siku ya nne nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo, mama. Nyumbani hakuna kazi?"

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kazi zipo. Mahali pa kuzifanyia ndipo hapapo."

Akanieleza, huku anaendelea na karanga zake. Tangu mzee astaafu na kutoka kwenye nyumba ya kazi, walikuwa wakiishi Igoma, kwa binti yao, vyumba viwili. Binti ana mume. Mume huyo ni fundi wa kuchomelea, mtu mwema, hanywi, hagombi, hana kosa lolote ila moja, kwamba ni mkwe. Na kwa desturi yetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Kwenye boma kubwa lenye nyumba tano desturi hiyo haimsumbui mtu. Kwenye vyumba viwili vya Igoma ni mateso. Saa kumi jioni mkwe akirudi kutoka kazini, mama anaingia chumbani na watoto, mlango unafungwa, na hatoki hadi asubuhi mkwe aondoke. Akitaka kwenda uani, mjukuu anatumwa mbele kuangalia njia. Mkwe naye, maskini, anateseka. Siku nyingine anachelewa kurudi kwa makusudi, anakaa kwa jirani akitazama watu wanacheza bao, mchezo asioupenda.

"Siku za kazi si haba, natoka," mama akasema. "Ila Jumapili anashinda nyumbani. Jumapili namaliza kutwa nzima nikiutazama ukuta. Nimeshaujua wote."

Alicheka, nami nikacheka, na baadaye nilipokuwa peke yangu sikuona tena cha kucheka. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anaishi kwa kujificha kama mtu aliyevunja duka. Nikajisemea, huyu atapata kiwanja chake wiki hii hii, apate pa kushinda Jumapili hata kabla ya nyumba.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Orodha ya kona ilitakiwa kufika ofisi ya ardhi Ijumaa saa sita mchana. Kiwanja ambacho kona zake hazijathibitishwa kwa tepu kingefutwa, na mwenyewe angerudi mkiani mwa foleni mpya, ambayo hakuna aliyejua itaanza mwaka gani.

Programu niliiandika Mirongo kwa siku mbili. Chuoni mwalimu wetu alikuwa ametukaririsha kwamba namba ikiwa kubwa usiiweke kwenye int, chombo cha namba za kawaida, iweke kwenye long, chombo cha namba kubwa. Nikamtii. Namba zote za mashariki na kaskazini nikaziweka kwenye long. Ilipofika zamu ya kuzichapa, nikaandika alama ya asilimia na herufi d, kama nilivyoandika kila siku, kwa kuwa mwalimu hakusema lolote kuhusu kuchapa, au alisema siku niliyokwenda kutazama mpira. Nikaijaribu kwa kona moja tu, kwa kuwa vipimo vingine vilikuwa kontenani, na mashine mpya ikachapa safi. Kona ya kwanza: mashariki 125000, kaskazini 84000. Nikalinganisha na daftari la bosi, sawa. Nikanyanyuka nikazunguka kile chumba changu cha nusu mara mbili, kwa kiburi.

Jumatano asubuhi nikaenda Kiseke na diski mfukoni. Programu iliyotengenezwa kwenye mashine mpya iligoma kabisa kwenye ile ya zamani, kwa hiyo nilikuwa nimebeba maandishi yenyewe ya C, nikayapitisha upya kwenye kompaila ya pale, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Haikulalamika hata neno moja. Mimi nikachukulia ukimya ule kuwa sifa. Printa ikakereza, karatasi ikatoka, na bosi akaichukua kwa mikono miwili bila kuniuliza kitu. Nami sikuisoma. Hilo ndilo kosa langu la kweli. Mengine yote ni ya mashine.

Alikuwa amewaita mashahidi. Mpishi na mkewe walikuwepo, na mshika tepu wetu, mtu mzima wa Ukerewe asiyekuwa na haraka na lolote, na mimi nyuma nikijifanya sitaki kusifiwa. Tukasimama kwenye jiwe jekundu.

"Kona ya kwanza," bosi akasoma. "Kuna alama ya kutoa, kwa hiyo tunakwenda magharibi. Mita sitini na sentimita sabini na mbili. Kaskazini, sentimita moja."

Mshika tepu akatazama magharibi.

"Bosi, huko ni ziwani."

"Nimesema sitini na sabini na mbili."

"Nimekusikia. Nasema ni ziwani."

"Karatasi ya kompyuta haibishaniwi," bosi akasema.

Mshika tepu akavua viatu, akavua saa, akakunja suruali, akaona haisaidii, akaingia nayo hivyo hivyo. Bosi akabaki kwenye jiwe ameshika mwanzo wa tepu, anaita mita. Kwenye arobaini maji yalifika kiunoni. Kwenye hamsini yalifika kifuani. Kwenye sitini mshika tepu alikuwa amebaki kichwa na mkono mmoja ulioshika tepu juu, na kwa mkono huo akatuonesha kwamba amefika. Wanawake waliokuwa wakifua pale kando waliacha kufua. Mmoja akauliza kwa sauti kama nyumba hiyo itawekwa milango au nyavu.

"Binti," mpishi akaniambia polepole, "mimi nimetoka humo humo. Mnanirudisha?"

Nikamnyang'anya bosi karatasi. Kona ya kwanza, kutoa 6072 na 1. Kona ya pili, kutoa 4072 na 1. Kona ya tatu, kutoa 4072 na 1. Kona ya nne, kutoa 6072 na 1. Nikapiga hesabu kichwani, na kwa ujinga wangu nikaisema kwa sauti.

"Lakini urefu uko sawa. Kutoka hapa hadi hapa ni mita ishirini kamili, kama ilivyo kwenye ramani."

"Na upana?" akauliza mpishi.

Upana ulikuwa hamna. Kona nne zilikuwa zimelala kwenye mstari mmoja, mbili juu ya mbili. Nilikuwa nimempa mzee yule kamba ya mita ishirini, ndani ya maji, na viwanja vingine vyote vya safu ile vilikuwa vimejipanga nyuma yake kuelekea kina kirefu, kila kimoja na ile 1 yake. Cha kwake ndicho kilichokuwa karibu na nchi kavu.

Nilitegemea bosi akasirike. Hakukasirika. Alikuwa ameshawatangazia watu kwamba ofisi haikosei, na mtu aliyetangaza kitu kama hicho hukosa nafasi ya kukasirika. Alivuta pumzi, akaitazama ile mita ishirini, uso ukamchangamka.

"Umeona? Urefu umetoka. Kompyuta haijakosea. Kilichokosewa ni kiwanja. Walipima vibaya tangu mwanzo. Nitaandika kina dosari, kirudi ofisi ya ardhi."

Alikipima yeye mwenyewe. Nilitaka kumwambia, nikaona mshipa wa shingoni mwake umetuna, nikaikunja karatasi. Mama hakuwa amecheka wakati wengine wanacheka. Alinisogelea akanishika mkono.

"Kwa hiyo Jumapili hii pia ni ukuta?" akauliza.

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nikamwambia bado siku mbili, mama. Nikasema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika programu.

Alhamisi nilifika kontenani kabla ya kila mtu, nimebeba daftari la bosi. Daftari lilisema mashariki mita elfu moja mia mbili hamsini, kaskazini mia nane arobaini, juu kule mlimani kwenye mawe. Basi kiwanja hakikuwa na dosari yoyote. Nikaipekua programu mstari kwa mstari, nikaitukana, nikaizima mashine nikaiwasha, ikakohoa. Hesabu zote zilikuwa sawa. Saa tano, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, nikaifuta kabisa namba ya kaskazini kwenye mstari wa kuchapa. Nikaacha mashariki peke yake, lakini nikasahau kuzipunguza zile alama za asilimia, kwa hiyo mashine bado iliamriwa kuchapa vitu viwili na kupewa kimoja. Ikachapa viwili. Kutoa 6072 na 1. Vile vile.

Kumbe ile 1 haikuwa kaskazini hata kidogo. Ilikuwa mkia wa mashariki.

Nitaeleza kama nilivyomweleza bosi baadaye. Ukienda sokoni Igoma ukanunua mchele kopo moja, na ukaenda soko la mjini ukanunua kopo moja, jina ni moja, lakini makopo si sawa. Kila muuzaji ana lake. int ya C ndiyo hilo kopo. Kwenye mashine mpya lilikuwa kubwa, la biti thelathini na mbili, ndizo punje ndogo kabisa za mashine, na namba yangu ilitosha humo yote. Kwenye mashine ya zamani lilikuwa la biti kumi na sita, dogo, na namba ile ile ililazimika kukaa kwenye makopo mawili. Sasa ile asilimia na d maana yake ni "chota kopo moja ulichape". Mashine ya Mirongo ilichota kopo moja ikapata namba nzima. Mashine ya Kiseke ilichota kopo moja ikapata nusu ya mashariki, ikachota la pili ikapata nusu iliyobaki ya mashariki hiyo hiyo, ikaona imemaliza kazi. Kaskazini ilibaki imesimama kwenye foleni na hakuna aliyeiita. Na kwa kuwa kopo dogo likijaa kupita nusu yake husomwa kama namba ya kutoa, mlima ukageuka ziwa.

Dawa ya haraka ilikuwa kuongeza herufi l moja kila mahali, ichote long nzima. Lakini nilikuwa nimeshaumwa. Nilikuwa nimesikia kuna mashine nyingine, kubwa za vyuo vikuu, ambazo long yake ni ndefu maradufu, na bosi wangu alikuwa mtu wa kupokea zawadi yoyote yenye waya. Kwa hiyo nikaandika faili dogo la pembeni, mistari kumi hivi, linalosomwa kabla ya programu. Humo nikabuni jina langu la namba ya biti thelathini na mbili kamili, na pembeni yake jina la pili, la herufi za kuichapa. Kila mashine ikifika pale inajitambulisha: kwangu mimi biti thelathini na mbili ni hii, na huchapwa hivi. Programu yenyewe haisemi tena kopo, inasema kiasi. Na C ina ungwana mmoja, kwamba vipande viwili vya maandishi vikikaa jirani huviunganisha yenyewe, kwa hiyo asilimia yangu na herufi zangu zikashikana bila mshono. Miaka baadaye, lugha yenyewe ilipotoa toleo jipya, nikakuta wakubwa wamefanya jambo lile lile, wameliita kwa majina mabaya yasiyotamkika. Nilinuna wiki nzima. Hakuna aliyekuja Mirongo kuniuliza.

Printa ikakereza. Mashariki 125000, kaskazini 84000. Safari hii niliisoma karatasi yote kabla sijamwonesha mtu, mara tatu, kidole chini ya kila namba.

Bosi alisikiliza habari za makopo hadi mwisho, akiwa amekunja mikono. Kisha akasema alikuwa ameshahisi tangu jana kwamba kuna jambo, ila alitaka kuona kama nitalitambua mwenyewe. Nikamshukuru kwa kunipa nafasi ya kujifunza. Mshika tepu, ambaye suruali yake ilikuwa bado haijakauka, alitoka nje akachekea huko.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa mlimani. Kona ya kwanza iliangukia kwenye nyasi, ya pili pembeni ya kichuguu, ya tatu katikati ya njia ya ng'ombe. Ya nne iliangukia juu ya jiwe kubwa kuliko kontena letu, na mshika tepu akasema afadhali kulowa. Lakini alipanda, akachora msalaba kwa rangi nyekundu. Urefu ishirini. Upana thelathini. Mpishi aliupita upana huo kwa miguu, akihesabu hatua kwa sauti, akarudi akaupita tena. Viwanja vingine vya safu ile tukavipitia mbio mbio, bosi akatia sahihi, akapanda pikipiki na orodha kifuani, na saa tano na nusu ilikuwa imeshapokewa.

Sisi tuliobaki tulikuwa na vigingi vya kukaza, tukavikaza. Mama alikuwa amekaa chini, katikati kabisa ya kiwanja, miguu ameinyoosha mbele yake, hana karanga wala kazi yoyote mkononi. Jua lilianza kulegea. Mzee akatazama saa ya mshika tepu, akamsogelea mkewe.

"Inakaribia saa tisa," akamwambia. "Twende, la sivyo tutapishana na mkwe mlangoni."

"Nenda wewe," mama akasema. "Ukamwambie leo awahi kurudi, akae na mke wake sebuleni, ale chakula chake bila kuogopa mlango. Mimi niache hapa kidogo. Hapa hakuna ninayemkimbia."

Mzee hakwenda. Alikaa chini karibu naye, akanyoosha miguu na yeye. Mshika tepu akaanza kukusanya vifaa, akaniuliza kama tumemaliza. Nikawatazama wale wawili waliokaa chini. Nikamwambia hapana, nina wasiwasi na upande wa mashariki. Nikashika mwanzo wa tepu, tukaupima tena, kisha tukaupima wa kaskazini, taratibu, sentimita kwa sentimita.